Mshale Ulipolala Mlimani

Wiki iliyopita mliniacha nimekaa kwenye kizingiti cha baba mkwe, kofia mkononi, nikisubiri kuambiwa kama mke wangu anarudi au harudi. Waliokosa nitawapa kwa ufupi, maana hata mimi sipendi kuyarudia.

Kibanda changu cha ufundi kilibomolewa. Nikaona aibu kusema nyumbani. Kila asubuhi nikawa navaa ovaroli, naaga, nakwenda kukaa kwenye benchi la kituo cha mafuta hadi jioni, kisha narudi na mikono niliyoipaka grisi mwenyewe. Mke wangu alipogundua hakupiga kelele. Alipanga nguo, akamshika mtoto mkono.

"Siondoki kwa sababu ya kibanda," alisema. "Naondoka kwa sababu ya ile grisi."

Akaenda kwao. Hapo ndipo kilipo kizingiti nilichokuwa nimekalia.

Sasa baba mkwe, kabla ya kustaafu, alikuwa mtunza stoo. Mtu wa namna hiyo hakupi msumari mpaka ajue unakwenda kuupigilia wapi. Alinisikiliza nikijieleza mpaka nikaishiwa, ndipo akasafisha koo.

"Maneno yako nimeyasikia. Sasa sikia yangu. Gari langu linachemka. Mama yenu ana miadi ya kupasuliwa macho hospitali kubwa, ng'ambo ya mlima. Litengeneze. Likitupeleka na kuturudisha, utamchukua mkeo na mwanao mwende kwenu."

"Na lisipofika, Baba?"

"Lisipofika utakuwa umejijibu mwenyewe."

Nilikaribia kucheka kwa furaha. Angeniambia nimshonee suti, ningelia. Lakini gari linalochemka? Hiyo ndiyo kazi iliyonilea. Niliona kama mzee amenifungulia mlango halafu anajifanya ameufunga.

Nilianza siku hiyo hiyo, uani kwake. Rejeta ilikuwa imeoza, nikaweka nyingine. Pampu ya maji ilikuwa inavuja, nikaibadilisha. Mipira yote ya maji ilikuwa imekakamaa, nikaitupa. Baba mkwe alileta kiti chake cha kukunja, akakaa karibu na boneti kama refa. Kila nilichokitoa alitaka kukishika.

"Na hiki?"

"Thamostati, Baba. Ni kama kilango. Injini ikiwa baridi kinazuia maji, ikipata moto kinayafungulia."

"Kinazuia maji?"

"Kwa muda tu, Baba."

"Gari linachemka, na ndani yake mmeweka kitu cha kuzuia maji." Alitikisa kichwa. "Kitoe. Huku kwetu joto. Mafundi wote wanakitoa."

Ni kweli mafundi wengi wanakitoa, na ni kweli wanakosea. Bila kilango hicho maji yanapita mbio, injini haijui ipate moto wa kiasi gani, na ugonjwa halisi unajificha. Haya nayajua. Ningekuwa kibandani kwangu na huyu ni mteja, ningemwambia mzee, hapana, hiki kinabaki.

Lakini nani anambishia baba mkwe? Tena mwanamume anayeomba kurudishiwa mke? Angeniambia nijaze uji kwenye tangi la mafuta, ningeuliza tu uwe mzito au mwepesi. Nikakitoa. Akakifuta kwa leso, akakitia mfukoni, kimerudi stoo.

Jioni hiyo mke wangu alitoka na beseni la maji na sabuni. Alikuwa bado hajaniongelesha zaidi ya salamu. Aliniinamishia beseni, nikanawa, naye akawa anaitazama mikono yangu.

"Naona leo grisi ni ya kweli," alisema.

"Ya kweli kabisa."

Hakucheka, lakini pembe ya mdomo ilisogea. Wasomaji wangu, kwa pembe ile ningeweza kulibeba lile gari mgongoni nikalivusha mlima.

Basi nikaliwasha.

Likachemka.

Nikasema ni hewa. Ukibadilisha rejeta na mipira, hewa inabaki ndani ya mifereji, maji yanashindwa kuzunguka. Nikaliinua mbele kwa jeki, nikafungua kifuniko, nikaliacha lipumue, nikaongeza maji polepole mpaka nikaridhika. Nikaliwasha tena.

Likachemka tena, safari hii kwa kiburi.

Halafu likaja jambo jingine ambalo halikuwepo mwanzo. Asubuhi ukiliwasha, likiwa limesimama tu, lilitetemeka mwili mzima kama mtu mwenye homa. Taa za mbele zinacheza, usukani unacheza. Moshi mweupe unatoka nyuma. Likikaa kidogo linatulia, unadhani limepona. Na maji ya rejeta yalikuwa yanapungua wakati chini hakuna hata tone.

"Linatetemeka nini?" baba mkwe aliuliza.

"Linazoea vifaa vipya, Baba."

Fundi hujua kabla hajakubali kujua.

Siku iliyotangulia miadi, baba mkwe alipokwenda kunyolewa, nilifungua vyote nilivyokuwa naogopa kuvifungua. Nilitoa plagi. Zote zilikuwa nyeusi isipokuwa moja, safi, kama imeoshwa na maji. Nikafungua kifuniko cha oili. Kwa ndani palikuwa na utando kama wa chai ya maziwa iliyolala. Nikawasha injini rejeta ikiwa wazi, nikachungulia. Mapovu. Hayakuwa ya hewa iliyobaki, maana hayo huisha. Haya yalipanda bila kukoma, kama chungu kilichosahauliwa jikoni.

Kwa wasio mafundi nitasema hivi. Juu ya injini kuna chuma kinaitwa hedi. Kati ya hedi na injini kuna gasketi, inayotenganisha moto na maji. Ile ya baba mkwe ilikuwa imekufa, na huenda hedi yenyewe ilikuwa na ufa. Maji yalikuwa yanaingia panapotakiwa moto, ndiyo maana lilitetemeka asubuhi. Moto nao ulikuwa unaingia panapotakiwa maji, ndiyo maana lilichemka. Rejeta mpya, pampu mpya, mipira mipya, kwa vyote hivyo nilikuwa namvika maiti shati.

Nikaona na jambo jingine. Pembeni mwa hedi palikuwa na gundi nyekundu ya silikoni imefinyangwa kwa haraka, na vichwa vya bolti vilikuwa na mikwaruzo ya spana, bado inang'aa. Mtu alishafungua pale.

Baba mkwe aliporudi nilimuuliza, "Baba, injini hii iliwahi kufunguliwa huku juu?"

"Gari nilinunua limetumika. Nitajuaje?"

Alijibu upesi kuliko kawaida yake, kisha akaingia ndani bila kukaa kwenye kiti chake. Mimi sikulitilia maanani. Nilikuwa na msiba wangu.

Kuitengeneza kulitaka hedi ing'olewe, ipelekwe kwa mchonga vyuma, ipimwe. Hakukuwa na muda huo. Mama mkwe alikuwa amesubiri miadi ile muda mrefu mpaka alikuwa akinisalimia kwa kunipapasa bega. Kitu pekee kilichobaki kilikuwa kuingia ndani na kusema: gari ni bovu, tutafute usafiri mwingine.

Niliingia. Naapa niliingia nikiwa na sentensi hiyo mdomoni.

Sebuleni mke wangu alikuwa anapiga nguo pasi. Binti yetu alikuwa chini ya meza anachezea viatu vya babu yake. Akatoa kichwa.

"Baba, kesho tukitoka hospitali tunaenda nyumbani?"

Mke wangu aliinua macho. Baba mkwe naye, kwenye kochi lake, alishusha gazeti. Wote walikuwa wananingoja mimi.

"Vipi, fundi?" alisema baba mkwe. "Gari?"

"Liko tayari, Baba."

"Una uhakika?"

"Liko tayari."

Alinitazama kwa muda, akapandisha gazeti lake. Mke wangu akageuza shati upande wa pili, akaendelea na pasi.

Asubuhi niliwahi kufika kabla hawajamaliza kuvaa, nikaliwasha peke yangu, nikaliacha litetemeke mpaka litoe maji yote liliyokuwa limeyanywa. Walipotoka walikuta injini imetulia, inanguruma kwa adabu. Baba mkwe akasema, "Sasa hiyo ndiyo sauti." Ilikuwa grisi ileile, ndugu zangu. Safari hii nilikuwa nimelipaka gari.

Nikashika usukani. Baba mkwe mbele, pembeni yangu. Nyuma mama mkwe, mke wangu, na mtoto katikati yao. Nilikuwa nimejaza madumu ya maji kwenye buti, nikajiambia tutakwenda polepole, tutasimama njiani nikisingizia mtoto anataka kujisaidia, nitakuwa naongeza maji, tutafika. Mtu akitaka kujidanganya hakosi mpango.

Mpaka tulipoanza mlima kulikuwa na amani. Halafu mshale wa joto ukaanza kupanda.

Nikafungua hita. Hiyo ni mbinu ya zamani: unavuta joto la injini unalileta ndani ya gari. Madirisha tukashusha, lakini wapi. Jasho likaanza kuwatoka.

"Mwanangu," mama mkwe alisema, "humu ndani mbona kama tanuri?"

"Ni dawa ya gari, Mama. Vumilia kidogo."

"Basi gari likipona tutakuwa tumeiva sisi."

Mke wangu akacheka. Kicheko chenyewe, cha sauti, ambacho sikuwa nimekisikia tangu ahame. Nikamwangalia kwenye kioo. Naye akaniangalia, akaniachia macho yake, hakuyaondoa.

Kwenye kona ya juu, hita ikageuka. Upepo uliokuwa unachoma ukawa baridi. Na mshale, uliokuwa umekaribia mstari mwekundu, ukashuka taratibu mpaka ukalala chini kabisa.

"Alhamdulillahi," alisema mama mkwe. "Sasa mtu anapumua."

"Mshale umelala," alisema baba mkwe. Alisema huku ananitazama mimi, si mshale. "Umeona, fundi? Umelala."

Niliona. Kipimo cha joto kinapima maji. Maji yakiisha, kinabaki kimening'inia hewani, hakina cha kupima, kinalala. Hita nayo ikikosa maji moto inapuliza baridi. Wote mle garini walikuwa wanashukuru kwa sababu injini ilikuwa imekauka.

Hapo ningesimama. Hata hapo ningesimama, nikasema, huenda ningeokoa chochote. Lakini kilele kilikuwa kinaonekana. Ukikifikia, ng'ambo yake ni mteremko hadi hospitali. Na mke wangu alikuwa bado ananiangalia kwenye kioo.

Nikakanyaga mafuta.

Injini iligonga mara kadhaa, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu, kisha ikanyamaza. Gari likapoteza nguvu, nikalivutia pembeni. Nilifungua boneti. Hapakutoka hata mvuke. Gari linalotoa mvuke bado lina maji, lina tumaini. Hili lilinuka chuma tu.

Nikaenda nyuma kuchukua dumu, nipate kuonekana ninafanya kitu. Nikafungua buti.

Nyuma ya madumu palikuwa na begi la kahawia. Nalijua begi lile, zipu yake niliitengeneza mimi kwa koleo. Ndilo aliloondoka nalo. Lilikuwa limejaa. Kando yake kulikuwa na kibegi cha mtoto, kile chenye masikio ya sungura.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Niliamua jioni ile uliponawa, jana nikapanga," alisema kwa sauti ya chini. "Usiniangalie hivyo. Ulidhani nitamsubiri Baba apime gari ndipo niende kwangu? Lifike lisifike, nilikuwa nakuja."

Nilishika dumu la maji kama mtu aliyesahau madumu ni ya nini.

Ndipo mama mkwe, mlango wake ukiwa wazi, uso wake umeelekea upande ambao hatukuwepo, akasema kwa upole tu, "Lakini jamani, hii gari si ndiyo yule fundi wa kwanza alisema injini imekufa? Kwamba tutafute nyingine? Mimi nilidhani mlishanunua."

Mke wangu akausogelea mlango.

"Fundi gani, Mama?" mke wangu aliuliza.

"Yule aliyekuja kabla mumeo hajaja kukuomba. Akafungua, akafunga, akamwambia baba yako asijisumbue."

Mke wangu akageuka. "Baba?"

Baba mkwe alikuwa anatazama bonde.

"Nilitaka kuona kama atasema," alijibu. "Gari nilijua ni bovu. Nilitaka kuona kama huyu mtu, akikuta jambo baya, anaweza kurudi nyumbani akalisema. Nikamuuliza jana mbele yako: una uhakika? Nikamwambia na leo, mshale umelala. Nilikuwa nampa nafasi."

Mpaka ninapoandika haya sijui kama alikuwa amepanga hivyo tangu mwanzo, au aliyatunga palepale baada ya mkewe kumuumbua. Nilimuuliza kuhusu hedi akakana mchana kweupe. Lakini je, ningemwambia hayo mbele ya bintiye? Na kama ningemwambia, mimi ningekuwa msafi?

"Umempandisha Mama mlimani kwenye gari lililokufa," mke wangu alimwambia, "kwa ajili ya mtihani?"

Mzee akaurudisha uso bondeni.

Mke wangu akanigeukia mimi. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilinitisha kuliko machozi.

"Na wewe ulijua?"

Nilikuwa na uongo mwingi tayari. Ningesema ni pampu mpya, vifaa siku hizi ni feki. Ningesema ni ile thamostati aliyonilazimisha baba yako kuitoa. Vyote vilikuja, vikapanga foleni.

"Nilijua," nilisema.

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Kabla mtoto hajakuuliza, au baada?"

"Kabla."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyekuwa anasubiri majibu ya daktari na sasa ameyapata. Kumbe ukweli nao una saa yake. Ukichelewa unamkuta mwenye nyumba ameshafunga mlango.

Pikapu ya mboga ilikuwa inapanda. Mke wangu akainyooshea mkono, ikasimama. Dereva alikuwa na nafasi mbele, ya wanawake wawili wakimpakata mtoto. Mke wangu akamshika mama yake kiwiko, akamwingiza. Akarudi, akachomoa lile begi la kahawia kwenye buti, akalitupa nyuma juu ya kabichi. Akambeba mtoto.

"Nipandishe na mimi huko nyuma," baba mkwe alisema.

"Wewe baki na fundi wako, Baba. Mnaelewana."

Mama mkwe akatoa mkono dirishani, akaupapasa hewani akinitafuta. Nikausogelea, nikaushika.

"Usihuzunike, mwanangu. Gari ni chuma. Macho yangu yakifunguka nitakuja kwenu niwaone vizuri."

Nilisema, "Karibu sana, Mama." Pikapu ikaondoka. Binti yangu alikuwa ananipungia mkono mpaka kona ikamla.

Tukabaki wanaume wawili na gari. Baba mkwe aliketi kwenye jiwe. Baada ya muda akaingiza mkono mfukoni, akatoa leso, akaifungua. Ilikuwa ile thamostati.

"Ukiirudisha," aliuliza, "haliwezi kuwaka?"

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa mzee amekaa juu ya jiwe, mke wake anakwenda kupasuliwa macho bila yeye.

"Hapana, Baba. Limekwisha."

Nikaenda kufunga buti. Kifuniko kilikuwa kinashuka nilipoona masikio ya sungura.

Kibegi cha mtoto kilikuwa bado pale, kando ya madumu. Nilikifungua. Ndani kulikuwa na gauni lililopigwa pasi jana, viatu, na mswaki. Mke wangu hasahau vitu. Ni mtu anayehesabu vijiko akimaliza kuosha vyombo. Alichomoa begi lake kutoka palepale, na hiki kilikuwa kinagusana nalo.

Alikisahau kwa hasira, au alikiacha ili nikipeleke mimi?

Sikusikia hatua za baba mkwe. Niliona tu kivuli chake kikiniziba jua, kisha mkono wake ukashika ukanda wa kibegi.

"Lete hicho," alisema. "Nitampelekea mimi."

Ni baba mkwe. Nimewaambia, habishiwi.

"Hapana, Baba," nilisema.

Akavuta. Nami sikuachia.